Flopi Iliyopakwa Mawese

Shangazi ndiye aliyeipaka mawese flopi ya mdogo wangu, na naanza kwa kusema kwamba hakufanya kwa ubaya, maana nikiachiwa nitasema mengine. Hapa kwetu Ujiji unyevu wa ziwa unakula chuma. Acha panga uani masika moja uone, utaokota kutu yenye mpini. Kwa hiyo kila cha chuma tunakipaka mawese: jembe, kufuli, bawaba za mlango, gurudumu la cherehani. Mama alifanya hivyo, na bibi kabla yake. Mama alipofariki, shangazi alikuja matangani akakuta nyumba imejaa wageni na vumbi, akajitwisha usafi. Alipofika kwenye meza ya mdogo wangu akaona flopi yake ya kompyuta, kile kibamba cha plastiki chenye kibati kinachoteleza, na kibati kimeanza kupata madoa. Akachovya kitambaa kwenye chupa. Akapaka juu, akakisogeza kibati, akapaka na ndani.

"Na kile cha mdogo wako nimekitunza," aliniambia, mikono bado inang'aa. "Kilikuwa kinaharibika."

Nikaifuta kwa nje na ncha ya kanga, nikamshukuru kwa midomo tu. Sikujua kwamba amefika hadi ndani.

Mdogo wangu alizaliwa na mwili uliokakamaa. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, na umbea wa mtaa anaujua kunishinda, lakini mdomo wake hautoi neno. Hata kichwa hakimtii. Akitaka kukubali kinakwenda pembeni, akitaka kukataa kinakwenda pembeni vilevile. Alipokuwa mtoto, mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akiwanyoosha viungo watoto wa hali yake alituachia kompyuta ya nyumbani, ya zile za zamani ambazo kibodi na mashine ni mwili mmoja na kioo chake ni televisheni yako mwenyewe. Ukiingiza flopi, herufi zinajipanga kwenye televisheni na kijisanduku cheupe kinazitembelea, mstari kwa mstari. Kikifika mstari anaoutaka, mdogo wangu anapiga kitufe kikubwa kwa upande wa ngumi. Kisha kinatembea herufi kwa herufi, na yeye anapiga tena. Hivyo ndivyo anavyozungumza tangu utotoni. Ni polepole mpaka chai ipoe, lakini ni maneno yake.

Watu wanapenda kuniuliza kwa nini tusimnunulie simu kubwa ya kugusa. Jamani, ilinunuliwa. Kaka yetu aliileta kutoka Tabora na maneno mengi. Mkono wa mdogo wangu haugusi, unapiga, na simu ile ilifungua kila kitu kwa mpigo kisha ikapasuka kioo. Tena kwenye flopi alikuwa amejiwekea sentensi zake kwa miaka mingi: salamu, dua, vijembe, na moja ya kumwondoa mgeni asiyejua kuaga. Akipiga mara moja inatoka nzima. Utamwambia mtu aache vyote hivyo kwa sababu dukani kuna vipya?

Shida ya mashine ile ni kwamba haina mahali pa kuweka kumbukumbu. Umeme ukikatika inasahau yote, na lazima isome flopi upya. Na umeme wetu haunihitaji mimi niuelezee. Siku ile ulipokatika na kurudi, nikaitia flopi kama kawaida. Kisomeo cha flopi kikakoroma, kikanyamaza, kikakoroma tena kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia. Televisheni ikabaki tupu. Nikaitoa flopi, na mkono wangu ukanuka mawese.

Mdogo wangu alipiga kitufe. Akasubiri. Akapiga tena, akanitazama. Nikamwambia asubiri nitengeneze, kisha nikatoka uani nikasimama karibu na jiko nimemeza hasira yangu, maana shangazi alikuwa pale anachambua dagaa na ananitabasamia.

Laiti ingekuwa wakati mwingine. Lakini arobaini ya mama ilikuwa inakaribia, na baada ya hitima kulikuwa na kikao cha ukoo. Kikao hicho kwetu kina desturi yake. Mkubwa wa ukoo anataja jambo, kisha anawazungukia watoto wa marehemu mmoja mmoja, anawauliza: umeridhia? Anayepinga anasema hapo hapo. Anayenyamaza ameridhia. Wakishamaliza inasomwa Fatiha, na jambo lililosomewa Fatiha halifunguliwi tena. Ukilifungua utaambiwa unamsumbua marehemu kaburini.

Jambo lenyewe lilikuwa mdogo wangu. Kaka alitaka kumchukua akakae naye Tabora, na mkewe na watoto wao. Mimi nilitaka abaki Ujiji pamoja nami, ndani ya chumba alichokulia, ambako najua ni upande gani akilala haumi mgongo. Sasa mtu asiyetoa neno akiulizwa kama ameridhia atafanya nini? Atanyamaza, na kunyamaza kwake kutahesabiwa ndiyo. Macho yake mimi nayasoma, lakini kaka alishasema mbele ya watu kwamba nayasoma ninavyotaka mimi. Neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa mgebuka, samaki wetu wa ziwani.

Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu sasa, nilimwendea kwa heshima zote. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamwomba asogeze kikao mbele hadi mashine ipone. Akaniambia kaka ana safari, ameshakata tiketi ya treni, na kikao kitakuwa baada ya hitima, kabla ya adhuhuri. "Mdogo wako sote tunajua hali yake," akasema. "Atasemewa."

Atasemewa. Nilitoka pale na neno hilo moja.

Nafanya kazi mtaa wa Rusimbi, kwenye kiduka cha kutoa kopi na kuchapa barua, kwa hiyo kompyuta si ngeni kwangu ingawa za zamani vile hazinitii. Nilikuwa nimesikia kuna kidude kinachojifanya kisomeo cha flopi. Umbo lake ni lilelile, matundu ya skrubu yaleyale, lakini mahali pa kuingiza flopi pana tundu la flashi. Unanakili flopi zako kwenye flashi, unakichomeka kidude ndani ya mashine, na mashine haijui kwamba inadanganywa. Inaomba flopi, inapewa flopi, basi. Nikaagiza Dar es Salaam, kikaja kwa basi ndani ya boksi dogo lililozungushiwa selotepu mpaka nikatumia kisu cha samaki. Kilikuwa chepesi hata nikaogopa nimetapeliwa.

Lakini kidude bila yaliyomo kwenye flopi ni sahani tupu. Ilibidi kwanza flopi isomwe hadi mwisho, walau mara moja tu, na ilikuwa imelowa mawese.

Kwenye stoo ya duka kulikuwa na kompyuta kuukuu ya ofisi yenye kisomeo cha flopi, tunayowekea maboksi ya karatasi juu yake. Niliifuta, nikaiwasha, ikawaka kwa kunung'unika. Kisha nikafanya kitu ambacho nilikiona kwenye video na sikukiamini. Nikalipasua ganda la flopi kwa wembe, nikatoa ile diski ya ndani, nyembamba na laini kama ganda la kitunguu, na mawese yamejichora juu yake kwa rangi ya machungwa. Nikaiosha kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, nikaipangusa kwa pamba na spiriti, nikaianika kivulini. Nilikuwa nashika kwa kucha. Kila gari likipita nje nilikuwa nailalia ili isiingie vumbi. Ilipokauka nikaivisha ganda la flopi nyingine iliyokufa zamani, nikaibana kwa selotepu.

Nikasema Bismillahi nikaiingiza.

Nilijua kwamba mafuta yaliyobaki yatakichafua kichwa cha kusomea, na kichwa kikichafuka kitaikwaruza diski. Kwa hiyo hakukuwa na kujaribu leo na kurudia kesho. Mstari wa kunakili ukaanza kusogea kwenye kioo. Mteja akaingia anataka kopi za cheti, nikamwambia duka limefungwa naye ananiona nimekaa ndani na mlango wazi. Akatikisa kichwa akaondoka. Mstari ukaenda, ukasimama. Kisomeo kikakoroma ile sauti nzito. Kikaja kile kisanduku cha kuniuliza: nijaribu tena, au niache? Nikabonyeza jaribu tena. Kikakoroma. Nikabonyeza tena. Nilikuwa nakisemesha kwa sauti, nakibembeleza, halafu nakitukana, halafu nakiomba radhi. Mstari ukasogea kidogo, ukasimama, ukasogea.

Ulipofika mwisho programu ya herufi ilikuwa imetoka nzima. Lile faili la sentensi zake halikutoka. Nililijaribu mpaka harufu ya plastiki ya moto ikaanza kutoka kwenye kisomeo, nikaogopa, nikazima.

Maneno ya miaka yote hiyo, salamu zake na vijembe vyake, yalikwenda na mawese. Nililia pale stoo juu ya maboksi ya karatasi, na sioni haya kulisema.

Nyumbani nikaifungua kompyuta ya mdogo wangu mbele yake, maana ni yake na hataki ichezewe akiwa hayupo. Nikatoa kisomeo cha zamani, nikafunga kidude, nikachomeka ule waya bapa na ule mwembamba wa umeme. Nikawasha. Taa ya kidude ikawaka, ikabaki imewaka tu, haipepesi, haizimi, na televisheni tupu. Mdogo wangu akatoa sauti yake ya wasiwasi. Nikazima haraka. Nilihisi nimeunguza kila kitu, kidude na mashine na kikao, vyote kwa mkono wangu. Nikakaa sakafuni nikautazama ule waya bapa mpaka nikakumbuka kwamba una upande mmoja wenye mstari mwekundu, na mimi nimeuchomeka kinyume. Nikaugeuza. Nikawasha tena huku nimefumba macho.

Alipiga kelele yeye kabla sijafumbua. Herufi zilikuwa zimejipanga, na kijisanduku cheupe kinatembea. Hakuna kukoroma, hakuna kusubiri. Akapiga kitufe, akapiga, akapiga, na neno la kwanza aliloliandika baada ya kunyamazishwa kote kule lilikuwa hili: MAWESE NI YA KUPIKIA.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Shangazi akaja kuuliza kuna nini, nikamsomea, naye akacheka, maskini, akidhani ni kitendawili.

Ndipo nikamweleza mdogo wangu kuhusu sentensi zake. Macho yalimlowa. Nikamwambia siku ya kikao basi ataandika herufi kwa herufi, afupishe, watu hawana subira. "Utawaambia unabaki, sivyo?" Hakupiga kitufe. Nikadhani amechoka, nikamlaza.

Siku ya kikao nilimwamsha mapema nikamwogesha, nikambeba hadi kwenye kiti chake, kazi ambayo mama na mimi tulikuwa tukigawana na sasa kiuno changu ndicho kinachojua. Nikamvalisha baibui mpya. Hitima ikasomwa, watu wakala, wageni wakaondoka. Tukabaki sebuleni: baba mdogo kwenye mkeka, kaka kando yake, shangazi, mimi, na mdogo wangu mbele ya televisheni na kitufe chake.

Baba mdogo akamshukuru Mungu, akamwombea marehemu, akataja jambo. Akamuuliza kaka. Kaka akasema ameridhia, ndiye aliyeleta ombi. Akanigeukia mimi. Nikasema, "Baba mdogo, mwenye mwili yupo. Aulizwe yeye kwanza, mimi mwishoni."

Akashusha pumzi. Akamuuliza mdogo wangu kwa upole, kama anavyosemeshwa mtoto mdogo, kama ameridhia kwenda Tabora.

Kaka akadakia, "Lakini asisome dada. Atatia chumvi. Nitasoma mimi."

"Soma," nikamwambia. "Macho unayo." Nikakaa nyuma, mahali ambapo kichwa chake kilinizibia nusu ya televisheni, ili asinisingizie.

Kijisanduku kikatembea. Ngumi ikapiga. N. Kikatembea tena. A. Nikaijaza mwenyewe: nabaki. Nilikuwa nimeshaisikia sentensi nzima kichwani. Baba mdogo alikuwa anatazama saa.

Umeme ukakatika.

Televisheni ikafa, feni ikazunguka ikasimama. Nje mashine ya kusaga nayo ikazima. Mdogo wangu alipiga kitufe kwenye giza la kioo, tena na tena, na sauti ya ngumi yake juu ya plastiki ndiyo pekee iliyosikika sebuleni.

"Tumemsubiri," baba mdogo akasema baada ya muda. "Mungu anajua tumemsubiri. Adhuhuri inaingia, na kaka yenu ana treni. Aliyenyamaza ameridhia." Akainua mikono.

"Hakunyamaza," nikasema. "Amekatiwa umeme."

"Binti yangu."

"Baba mdogo, nisamehe, lakini ukiisoma Fatiha hiyo mimi sitaitikia amina, na nitamwambia kila anayeniuliza kwamba mlimfunga mdomo." Shangazi akanivuta kanga. Kaka akasema sina adabu, tangu utotoni sina adabu. Nikamwambia adabu ninayo, lakini leo sitaitumia. Baba mdogo alibaki na mikono hewani, haijashuka wala haijaenda mbele, mzee wa watu, jasho likimtiririka shingoni. Msikitini wakaanza kuadhini.

Umeme ukarudi adhana ikiwa katikati.

Zamani hapo ningeanza kuhangaika na flopi, niitoe, niipulize, niiingize, na kikao kingeshatawanyika. Sasa taa ya kidude ikapepesa tu, namba zake ndogo nyekundu zikatulia, na herufi zikajipanga zenyewe kabla mwadhini hajamaliza. Zile mbili za mwanzo zilikuwa zimefutika. Mdogo wangu akaanza upya. Baba mdogo akashusha mikono magotini, akasubiri.

Alipiga kwa muda mrefu. Kichwa cha kaka kilikuwa kimeniziba, na mimi nilikuwa natazama ngumi yake tu, jinsi inavyopanda na kushuka, na mate yanavyomtoka pembeni kwa kujitahidi. Kisha ikatulia.

Kaka akasogea, akainamia kioo. "Anasema," akasoma. "Naenda na kaka."

"Mwongo," nikasema.

Nikasimama, nikampita, nikaitazama televisheni mwenyewe. NAENDA NA KAKA. Hakuna herufi iliyopotea wala iliyozidi.

Nikamgeukia mdogo wangu. Sikuwaona wengine tena. "Nani kakutia maneno haya? Nimeagiza kitu kutoka Dar, nimekesha roho juu, nimegombana na wakubwa zangu mbele yako, ili uje uandike hivi? Kwa nini?"

"Mwache," kaka akasema taratibu.

Lakini yeye alikuwa ameshapiga kitufe. Kijisanduku kikashuka mstari kwa mstari. U. Nikasubiri. M. E. Sikuwahi kukiona kinakwenda polepole hivyo. C. H. O. Nilijua kabla ya K, na nikaomba iwe neno jingine.

UMECHOKA.

"Sijachoka," nikasema, kwa ile sauti yangu ya kugomba.

Lakini mwili haukunisubiri. Mabega yangu, ambayo nadhani nilikuwa nimeyapandisha tangu mama alipoanza kuugua, yalishuka yenyewe, na pumzi ndefu ikanitoka mbele ya watu wote. Mdogo wangu hakuwa anatazama televisheni. Alikuwa ananitazama mimi, na aliiona.

Baba mdogo akaniuliza kama nimeridhia. Nikasema nimeridhia, na nikaona aibu jinsi neno lilivyotoka upesi.